Uliyekwenda Kazini Bila Kutoka Nyumbani

Ni mwaka mmoja sasa tangu uvue viatu vyako vyeusi, ukavisukuma chini ya meza ya dirishani kama ulivyozoea, ukasema kichwa kinakugonga na utajilaza kidogo. Hukuvivaa tena. Ugonjwa haukutupa hata nafasi ya kuuzoea. Viatu bado vipo palepale, na tukifagia tunafagia kuvizunguka.

Tunakuandikia wote, ila kalamu ninayo mimi mumeo, Fundi Saa. Kwa hiyo ukiona habari inaruka huku na huku, ujue ni mimi, na ujue nimeshainuka mara kadhaa tangu nianze. Sasa hivi maziwa yalikuwa yanataka kumwagika. Nimerudi. Nilikuwa nasema nini? Viatu.

Wengi waliokufahamu walikujua kwa sauti tu. Ulipokea simu za wateja wa kampuni ya majokofu, ukiwa hapahapa sebuleni, hedifoni masikioni. Mtu anapiga anafoka kwamba nyama yake yote imeoza, wewe unamwita "mpendwa mteja", unamuuliza kwa upole kama ameangalia waya ukutani, na papo hapo mkono wako mmoja unamwashiria binti yetu mkubwa apunguze moto jikoni. Sauti yako ya kazini ilikuwa tamu mno. Niliionea wivu. Siku moja nikakuambia, "Mama watoto, na mimi ni mteja, niongeleshe hivyo." Ukanijibu kwa sauti ileile, "Samahani mpendwa mteja, huduma hiyo haipatikani kwa sasa. Tafadhali katoe takataka."

Nikaenda kutoa takataka.

Ulipoanza kazi hiyo tulikutesa. Kila mtu alikuona upo, basi kila mtu alikuja na lake. Mama, soksi yangu. Mama, kanifinya. Jirani anagonga dirisha na mtoto mgongoni, "Nishikie huyu mara moja, si upo nyumbani tu?" Hilo neno "tu" lilikuchoma kuliko kelele zote. Ukajibana wiki za mwanzo, kisha asubuhi moja ukaoga, ukavaa viatu vyeusi visivyo na kamba katika nyumba ambayo wote tunatembea pekupeku, ukasimama mlango wa chumbani ukatuaga. "Haya, naenda kazini." Ukavuka sebule, ukaketi dirishani. Tulicheka mpaka machozi. Wewe hukucheka.

Sheria ikawa hiyo. Mama akiwa na viatu, hayupo. Anayekufuata mezani ulimwinulia hedifoni upande mmoja na kumuuliza swali moja: "Damu au moshi?" Kama hakuna anayetoka damu na hakuna kinachoungua, asubiri. Na kazi ikiisha ulivua viatu, ukasema "Nimerudi", na hapo ulikuwa wetu. Msimamizi wako angepiga simu mpaka ichoke yenyewe, hukugusa. Nilikuwa nashangaa ulikopata ubavu huo.

Unakumbuka mwalimu alipomuuliza mwanetu mdogo mama yake yuko wapi? Akajibu, "Yuko kazini, yupo nyumbani, ila hayupo." Akaonekana ana kiburi, ukaitwa shule. Ukaenda na viatu vyako vyeusi, na mtoto njia nzima kwenda na kurudi akakataa kukusemesha. Ulipomuuliza kanuna nini, akakutazama miguuni akasema hana damu wala moshi. Ulinisimulia huku unajifuta macho kwa kicheko. Huyo ndiye uliyemwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kufunga.

Sasa nikueleze yetu.

Ulipoondoka nilifunga kibanda changu cha mjini, nikaleta vifaa vyangu kwenye meza yako ili watoto wakitoka shule wamkute mtu. Niliona ni jambo jepesi. Kama wewe uliweza na majokofu, mimi nishindwe na saa za mkononi? Mke wangu, nimeshindwa vibaya. Saa zote zilizotundikwa ukutani zinakwenda sawasawa, lakini chakula cha mchana kinaiva watu wakishaanza kusinzia. Majirani wanatania kwamba nyumba ya fundi saa ndiyo pekee mtaani isiyojua ni saa ngapi. Wateja wanakuja wanapojisikia. Nikiwa mezani nawaza jikoni. Nikifika jikoni nawaza ile skrubu niliyoiacha ukingoni, ndogo kama chembe ya sukari, nani ataigonga. Narudi mbio. Nasahau nilichofuata. Situlii, sikai, siachi kuinuka.

Nikasema basi, nifanye kama wewe. Nikaanza kuvaa mabuti yangu ya kamba kila asubuhi na kuaga, "Naenda kazini." Kuvaa niliweza. Kuvua ndiko kuliponishinda. Kila nikitaka kusema nimerudi kuna saa moja ya mteja imebaki, namalizia hii tu, na hii. Nikajikuta nakula na buti, naanua nguo na buti, nakagua madaftari ya shule na buti. Binti mkubwa akaniambia, "Baba, wewe kazini ulihamia." Nikamjibu ana mdomo kama mama yake. Akasema asante.

Chiriku ndiye aliyenitisha. Alikuwa anakuja mpaka mlango wa sebule, ananitazama miguuni, anageuka. Siku nzima neno hatoi. Mwanzoni nikajisifu kwamba nimemfunza adabu. Kisha ukimya ule ukaanza kunikaa kifuani, na sikujua niuondoeje.

Dada yako aliona kabla sijakiri. Alikuja akaketi, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi ninavyopanda na kushuka, akasema, "Shemeji, usinielewe vibaya. Nipe huyu nikamlee. Hapa hana mtu. Wewe upo, lakini hupo."

Nilikasirika sana, kwa sababu ni kweli. Nikamwomba asubiri kumbukumbu yako ya mwaka ifike, na kama mtoto atakuwa bado hivi, amchukue. Nilisema hivyo ili aondoke. Lakini dada yako unamjua, haachi neno lianguke. Juzi alikuja kutusaidia maandalizi, na mkononi alikuwa na begi tupu la nguo za Chiriku. Akaingia chumbani kuanza kuzikunja.

Mimi nilikuwa mezani. Ungenipiga, najua. Mtoto anachukuliwa nami nimeinamia saa ya mtu, kwa sababu mwenye saa alikuwa amesimama nje anaisubiri, na kwa sababu sikutaka kuona begi linavyojaa. Kioo cha kukuzia kilikuwa jichoni, kibano mkononi, matumbo yote ya saa yametandazwa mbele yangu. Nikasikia mtu amesimama pembeni. Bila kuinua kichwa nikauliza, "Damu au moshi?"

"Sina hata kimoja," Chiriku akasema.

"Basi subiri."

"Kwa mama kulikuwa na cha tatu."

"Cha tatu kipi?"

Alipiga magoti akaingia chini ya meza. Nikaziba vile vyuma kwa viganja vyote viwili nisije nikapoteza hata kimoja. Nikasikia vidole vinahangaika na kamba za buti langu la kulia. Akafungua. Akavuta mpaka likatoka. Kisha akaegemeza kichwa chake juu ya mguu wangu, kwenye soksi iliyotoboka.

"Kimoja tu, Baba," akasema. "Hicho kingine endelea nacho kazini."

Mama watoto, kumbe! Nilikuwa narudi kutoka mjini nakukuta kwenye simu, nauliza kwa ishara, Chiriku yuko wapi? Wewe unaonyesha chini kwa kidevu, huku unaendelea na mpendwa mteja wako. Nikadhani unaniambia niketi. Nikawa naketi! Na kile kiatu chako cha kulia kilichopondeka kisigino, nilichotaka kukipeleka kwa fundi, ukacheka ukasema kiache kina kazi yake. Nilikuwa naona mama anayefukuza watu kwa swali moja, kumbe chini ya meza mguu mmoja ulikuwa umesharudi nyumbani kitambo. Hukuniambia. Nadhani uliona ni siri yenu, na ni haki yenu.

Kule chini Chiriku akaanza kusema. Akasema jino linacheza, akasema rafiki yake amehama darasa, akasema soksi yangu inanuka, akasema wimbo wote wa shule na kuukosoa. Nilifunga saa ya yule mtu nikiwa na kiatu kimoja. Alipotoka kule chini, skrubu niliyoitafuta tangu asubuhi ilikuwa imenata kwenye goti lake.

Dada yako alikuwa amesimama mlangoni na begi.

"Shemeji, mtoto anaongea."

"Anaongea."

"Tangu lini?"

"Tangu nivuliwe kiatu."

Akanitazama mguuni, akaketi, akalia, kisha akacheka alipoiona ile soksi. Nguo akazirudisha kabatini mwenyewe, nalo begi akaondoka nalo tupu kama alivyolileta.

Usidhani nimetulia. Maziwa yale yalimwagika, sikutaka tu kukuambia. Bado naruka huku na huku, bado chakula kinachelewa. Lakini Chiriku yupo, na anaongea hata ninapomwomba apumzike.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo. Binti yako mkubwa, ambaye siku hizi huwapokea wateja wangu mlangoni kwa sauti yako ya majokofu mpaka wanasahau nimewachelewesha. Dada yako, anayekuja kila akipata nafasi kukagua soksi. Na Chiriku, anayekusalimu kutoka chini ya meza.

Ameniuliza sasa hivi, "Baba, unamwandikia nani?"

"Mama."

"Amevaa viatu?"

"Si hivyo hapo ulipo, pembeni yako?"

Nikasikia anavivuta karibu.

"Basi hayuko kazini," akasema. "Anasikia."

Haya, mama watoto, kama unasikia: daima tutakukumbuka.