Gunia la Mizuzu

Jumatatu, 4 Machi
Mama Watoto kapata oda! Duka kubwa la kona linataka krispi zake za mzuzu. Wakizipenda, atawapelekea kila wiki. Kanituma sokoni kwa mdogo wangu anayeuza ndizi. "Uchague mwenyewe, baba. Mizuzu, zile ndizi kubwa za kukaanga, siyo ndizi mbichi za kuivisha. Ngozi nene, yenye pembe. Ukijaribu kuimenya kwa kidole, igome." Nikamwambia nilianza kula ndizi yeye hajazaliwa. Kacheka sana. Siku hizi hacheki hivyo.

Nimekuta gunia limeshafungwa. Mdogo wangu kazinyofoa zote kwenye chana na kuzikata ncha. "Nimekurahisishia kazi, kaka." Nikaona sawa, huyu si damu yangu? Nikapita kwa kinyozi kucheza drafti. Nimefungwa vibaya.

Nyumbani nikasema nimechagua moja moja.

Jumatano, 6 Machi
Mama Karai, jirani yetu anayemkaangia mke wangu, kashinda jikoni. Kaniita. "Baba, hizi mbona zinamenyeka kama zimeiva?" Nikasema labda kisu kimenolewa. "Kisu? Namenya kwa vidole!" Nikajifanya simu inaita.

Zimetoka na rangi nzuri lakini. Zimepelekwa dukani jioni.

Ijumaa, 8 Machi
Zimerudi. Katoni zote! Zimelegea kama kitambaa cha kupangusia meza, na ukakasi hadi ulimi unakunjamana. Meneja kasema asante, basi. Mama Watoto kajikaza mbele yake, kalia njiani.

Alipofika akamgeukia Mama Karai. Eti mafuta hayakuchemka, eti umbea mwingi jikoni. Mama Karai: "Mwenzangu, zitazame ndizi kwanza." Mke wangu: "Ndizi kachagua mume wangu kwa mkono wake!"

Mama Karai kavua aproni. Kaikunja, kaiweka mezani. Akanitazama. Mimi nikatazama jiko.

Jumamosi, 9 Machi
Kwenye gunia zilibaki chache. Nimetia moja mfukoni nikaenda sokoni. Nimeilinganisha na mzuzu wa muuzaji mwingine — hata kipofu angejua! Mzuzu mrefu, mzito, una kingo. Yangu nyembamba, mviringo, ngozi laini. Ndizi mbichi za kawaida, za kuvundika ziive.

Na nyuma ya meza ya mdogo wangu? Mizuzu yenyewe, mikungu mizima, inapakiwa kwa mkaanga krispi wa mtaa wa pili. Nikamuuliza. Hakushtuka hata. "Yule alipandisha bei, kaka. Halafu wewe hukufungua hata gunia." Na kucheka juu!

Huyu nilimbeba mgongoni kumpeleka shule. Wa kuniuzia ovyo wapo wengi, nimewazoea. Huyu kazinyofoa, kazikata ncha, kafunga kamba, akijua kabisa kaka yake hatafungua. Alinipima. Na kipimo kikawa sawasawa. Ndicho kinachoniuma, nimeshindwa hata kumtukana.

Nimerudi kwa njia inayopita mlangoni kwa Mama Karai. Kaniamkia vizuri tu. Afadhali angenimwagia maji.

Mke wangu sijamwambia. Mwoga mimi.

Jumapili, 10 Machi
Mdogo wangu kaja kula mchana. Mama Watoto ndiye aliyemwita! Sikujua. Kampokea, "Karibu shemeji, kaa hapa penye upepo." Tulipomaliza, kaweka sahani katikati ya meza. Ndizi mbili. Moja ya gunia, moja kanunua leo.

"Shemeji, wewe ndiye mtaalamu. Mzuzu ni upi?"

Kaonyesha bila hata kugusa.

"Na hii nyingine?"

Mdogo wangu kajifuta mdomo polepole. "Muulize kaka. Yeye si alichagua mwenyewe? Nilimwambia hizi siyo, akasema wewe hutajua."

Uongo! Mchana kweupe, tumbo limejaa chakula changu! Lakini kumkana ni lazima niseme gunia nililikuta limefungwa, sikulifungua, nikaenda kwa kinyozi. Na nikisema hilo, ya Mama Karai kulaumiwa bure inafuata.

Mke wangu hakupandisha sauti. "Baba Watoto, wakati gunia linafungwa, wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema ngoja nikachukue miwani.

Niko chumbani, naandika nimesimama. Sasa mlango wa mbele umegongwa, na mke wangu anasema, "Ingia, Mama Karai, tunamsubiri Baba Watoto tu."

Miwani nimeivaa.