Nimemchapa Mkwe Wangu kwa Sababu ya Goli

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na usinicheke, mimi ni Magdalena, mjane wa Mgori, nimekuja hapa Singida Mjini kumhudumia binti yangu Hana aliyejifungua, kumpikia uji, kumkanda, kumwogesha mtoto, na unajua kwetu Wanyaturu mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni wala hawapigi soga, kwa hiyo mume wake Chediel akiwa na neno anamwambia kitoto kichanga, "Mwambie bibi mkaa umeshaletwa," na mimi najibu kupitia kitoto hicho hicho, sasa Chediel akitoka kazini hucheza gemu la mpira kwenye TV, siku moja mwenzake wa kucheza naye hakuja, akamwambia mtoto, "Muulize bibi kama anaweza kushika padi," nikashika kile kidude cha kuchezea, nikabonyeza, goli likaingia sijui hata limeingiaje, na tangu hapo kila jioni yeye yuko kwenye kiti, mimi kwenye mkeka, macho yote kwenye TV, hatutazamani lakini tunaongea, amenisimulia habari za marehemu mama yake, nimemwambia upweke wa nyumba yangu, hata vidole vyangu vimekuwa vyepesi, ila juzi nilifunga goli la mwisho nikaruka nikamchapa mgongoni, kofi hasa, nikasema, "Umekwisha, kenge wewe!" Mkwe wangu! Akaweka padi chini akatoka nje, Hana akaja mlangoni na mtoto, uji jikoni umeungua, akasema, "Mama, nyie mnashinda mnacheka, mimi nashinda na njaa, bora urudi Mgori." Sasa Chediel hata kupitia kwa mtoto hasemi. Naona aibu, sitaki kufukuzwa wakati mjukuu hata shingo haijakaza, lakini mikono bado inaniwasha. Niache gemu?

JIBU

Shikamoo mama. Naanza na shikamoo kwa sababu nakwenda kukugombeza, nisije nikaonekana sina adabu. Na samahani, nimecheka. Fundi mitambo wetu naye kacheka, tumechelewa kuanza kipindi hiki cha redio.

Gemu halina kosa. Limewapa wewe na mkwe mahali pa kutazama ili mpate kuongea, jambo ambalo ukoo mzima haukuliweza. Usilitupe. Kama linalainisha vidole kweli, hilo waulize wauguzi. Ila wewe hujui kuacha! Umekuja kukoroga uji, ukageuka mshambuliaji wa kati. Mechi moja inatosha, na ianze mzazi akiwa ameshiba, mtoto ameoga na sufuria imeepuliwa. Ukisikia hamu ya mechi ya pili, nenda ukafue nepi.

Kwa Chediel usitume mtu, na usijaribu kumtazama machoni, atakimbilia Manyoni. Kaa kwenye mkeka wako, TV ikiwa imewashwa, useme ukitazama mbele: "Baba, nilikuvunjia heshima." Kuku wa kumwomba radhi utamchinja, hilo sikufundishi. Na usimwachie ashinde ili kumbembeleza, atajua tu.

Lakini mama, umeandika barua nzima ukimlilia mkwe, Hana kapata mstari mmoja. Uliyemuumiza ni yeye. Amelala chumbani mwili unauma, upande wa pili wa ukuta anawasikia mama yake mzazi na mume wake wanacheka, na hakuna aliyemwita. Leo mpikie uji mzito, hakikisha ameumaliza. Kisha mtoto mbebe wewe, padi umpe yeye.