Hita ya Gari la Mama

Kaka yangu,

Barua yako imefika. Huku tu wazima, watoto wanakwenda shule kama kawaida.

Jana nilipeleka gari la mama kwa fundi, maana hita ilikuwa inapuliza baridi tupu. Maji ya rejeta yalikuwa kamili. Fundi akashika mipira miwili ya kupitisha maji ya hita: mmoja wa moto, wa pili baridi. "Dada, hita imeziba," akasema. Akaisukumia maji ya bomba, ikatapika kutu mpaka maji yakatoka safi. Kazi ya saa moja tu.

Uliniuliza kama mama alisema neno siku ile ya mwisho, njiani kwenda hospitali. Nilikujibu kwamba alikuwa amelala. Hakulala, kaka. Alisema, "Mwanangu, nasikia baridi, washa hita."

Nikamwambia, "Nimewasha, mama. Itapata moto sasa hivi."

Nilijua hita ni mbovu tangu mwezi uliotangulia. Akaniambia ahsante.

Fundi aliponipa ufunguo nilikaa garini, nikawasha gari na hita, joto likanijia miguuni. Sikulia. Nilizima, nikaliacha pale gereji, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Njoo ulichukue wewe.

Ni mimi, mdogo wako.