Namba Nilizoandika Ukutani kwa Mkaa

Kambini, Biharamulo

Dada yangu mpenzi Leokadia,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute goti limepungua kuuma na unafika shambani bila fimbo. Je, mvua za Kirushya zimewaachia maharage, au yameoza tena? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoumwa, na ndiyo maana nakuandikia wewe kabla ya mtu mwingine.

Unakumbuka nilikueleza habari za Mwalimu Melkiori, yule mkimbizi aliyefundisha hesabu kwao Burundi. Siku za kusubiri malori ya chakula tulikuwa tunakaa mbele ya ghala ninalolitunza, yeye, mimi, Bibi Verdiana, mkimbizi mwenzake wa mtaa uleule, na wapita njia. Kihangaza chetu na Kirundi chao si mbali, tunaelewana. Mwalimu anataja namba nne, sisi tunatafuta ya tano. Anayeshindwa anasimama, debe lake la kukalia analichukua mshindi. Bibi Verdiana hajui kusoma, lakini anapanga punje za maharage chini, anazisogeza sogeza, halafu anatushinda wote. Siku moja aliniambia, "Wewe Stanislaus, ufunguo wa ghala unao, lakini wa kichwa chako nani kauficha?" Tulicheka hadi machozi. Kwa watu waliozika kama wale, dada, kicheko kilikuwa dawa.

Wiki iliyopita Mwalimu akatupa 3, 7, 15, 31. Kabla hatujaipata ya tano, malori yakaingia. Nikachukua mkaa nikaziandika kwenye ukuta wa mbao wa ghala tusije tukasahau, na mwishoni nikachora mstari mtupu wa kujazwa. Bibi akasema, "Iacheni, nitaitafuta nikichagua maharage."

Sasa sikiliza kosa langu. Vibanda vya mtaa wao, ulio mbele ya ghala, navyo vina namba, zimeandikwa kwa mkaa vilevile, juu ya mlango. Mzee wa namba 3 alishakufa kwa kuhara. Siku mbili baada ya mimi kuandika, mtu wa namba 7 alikutwa kwenye vichaka vya kuni, shingo imekatwa, kamba ya kufungia kuni bado iko mkononi. Mdogo wake, Gervasi, anakaa namba 15. Alipotoka kuzika akapita mbele ya ghala, akausoma ukuta. Watu hawa wamekimbia nchi ambako ukiandikwa kwenye orodha huchelewi kuzikwa. Na ule mstari mtupu ndio uliowamaliza akili. Kila mmoja aliona ni nafasi yake.

"Namba hizi za nani?" Gervasi alipiga kelele.

Mtu akajibu, "Za Mwalimu. Mwenye namba kila siku si yeye?"

Nilikuwa ndani napanga magunia. Nikawasikia wanamburuta Mwalimu mpaka mbele ya ghala. Nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Walimpiga kwa mipini ya majembe, mgongoni, kichwani, mdomoni, mpaka meno yakatoka na damu. Mke wake alimlalia, wakamtoa kwa mateke. Mwalimu alikuwa anasema, "Ni mchezo! Ni sitini na tatu! Ni sitini na tatu!" Wao wakadhani anataja mwingine wa kuuawa. Gervasi akaukanyaga mkono wake wa kushoto, akashusha panga. Vidole viwili vikabaki kwenye tope.

Na mimi, dada? Nilisukuma komeo. Si kufungua, nililisukuma lishike zaidi. Nikapiga magoti katikati ya magunia nikasali Salamu Maria kumi, fungu zima la rozari, macho nimeyafumba, na mwandiko ule ukutani ni wangu. Nilijiambia namwombea. Nilikuwa najificha nyuma ya Mama wa Mungu.

Kilichonitoa ni ile sitini na tatu. Alikuwa bado anaitaja, sauti imekwisha. Ikanijia ghafla: thelathini na moja mara mbili, ongeza moja. Nikafungua, nikatoka na mkaa, nikaujaza ule mstari. Mkojo ulinitoka, sikufichi. Nikasema, "Nimeandika mimi! Ya tano ndiyo hii. Haya, mleteni mwenye kibanda cha sitini na tatu!"

Gervasi akanielekezea panga kooni. "Unatudanganya, mlinzi wa mahindi."

Ndipo Bibi Verdiana akapenya kati yao na ungo wake wa maharage. "Gervasi mwanangu, mtaa wetu unaishia arobaini. Huyo wa sitini na tatu utamchinjia wapi? Hata mimi nimempata leo, yuko humu." Akatikisa ungo, punje zikalia.

Gervasi akatazama vile vibanda, midomo ikihesabu. Panga likaanguka. Akakaa kwenye tope akamlilia kaka yake kwa sauti ambayo naisikia mpaka sasa. Polisi walimchukua. Aliyemuua kaka yake hajulikani.

Mwalimu yu hai, ingawa jicho moja halioni. Mke wake, ambaye chini ya yale mateke hakuona nilikotokea, alinifuata na kikapu cha viazi, akapiga magoti mbele yangu. "Mungu akubariki, ulikimbia kutoka mbali kuja kumwokoa." Nilikipokea, dada. Nilikipokea na viazi nikala.

Juzi nilikwenda kumtazama kwenye hospitali ya kambi. Mkewe alipotoka kuteka maji, Mwalimu akaniuliza taratibu, "Nilisikia komeo. Ulikuwa unafanya nini humo?"

"Nilikuwa nasali."

"Ngapi?"

"Kumi."

Akautazama mkono uliofungwa. "Kidole cha kwanza kilikwenda kwenye sala ya ngapi?"

"Sijui, Mwalimu. Nilifumba macho."

"Basi hiyo hatutaipata," akasema, akageukia ukuta.

Hajamwambia mke wake. Padre nimemwungamia, akaniondolea dhambi. Lakini kikapu cha yule mama kiko hapa kibandani kwangu, na unajua kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jumapili baada ya misa nitakirudisha na maharage ndani, nimwambie nilikuwa wapi. Huenda wakanipiga, huenda wakanifukuza. Nimetaka wewe uyasikie kwanza kutoka mkononi mwangu.

Nisalimie shemeji mpiga kengele, na mama mkwe wangu kule Nyamiaga. Mke wangu, kwa kuwa hasomi, msomee yote, usiruke kitu.

Naomba unijibu mapema, dada.

Mdogo wako,
Stanislaus