Mzinga, Mto wa Kulalia na Viatu vya Kisigino

Jumatatu, 17 Oktoba 1994

Nimechapa barua mchana kutwa. Madirisha ya ofisi bado hayana vioo, kila karatasi ina jiwe juu yake. Nimerudi Kimironko kwa miguu kama kawaida.

Nimemkuta Baba kibarazani, anapaka nta mzinga wake. Tena. Tulipotoka Ngara mwezi wa nane, dereva wa lori alisema tubebe vitu vya lazima tu. Tukaacha godoro moja, tukabeba mzinga mtupu wa nyuki. Ninalala kwenye mkeka kwa sababu ya mzinga. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia.

Leo amesema anataka kuupeleka kaskazini, kwenye kilima alikozaliwa. Alitoka huko kijana, nyumba zinaungua nyuma yake. Mimi nimezaliwa Tanzania, kilima hicho nakijua kwa hadithi tu. Tumeshaambiwa sote: waliotoka zamani hawarudishiwi ardhi iliyo na watu. Anajua. Anasema hadai ardhi. Anataka tawi la mti.

Na anataka kwenda kwa miguu. Ana goti bovu. Nimemwambia hapana.

Alhamisi, 20 Oktoba

Daforoza anasema naye atakwenda.

Nyumba hii ni yake, au tuseme ya shangazi yake, ambaye hayupo tena. Katika ukoo wao amebaki yeye. Tulipofika Kigali hatuna pa kulala, alitupa vyumba viwili, hakutaka kodi. Alisema anataka tu kusikia mtu anakohoa upande wa pili wa ukuta. Zamani alikuwa mwalimu. Tangu Aprili hadi Julai alijificha, muda mwingine ndani ya mafunjo bondeni. Hasemi zaidi ya hapo. Mimi siulizi.

Nilimuuliza atafuata nini kaskazini, hana mtu huko.

"Nataka kutembea barabarani," alisema. "Mchana. Nikiwa nimesimama wima."

Basi. Baba alinitazama. Alijua ameshinda.

Nina hasira na wote wawili. Na mimi nitakwenda, nani mwingine atamwinua Baba akianguka?

Ijumaa, 28 Oktoba

Bosi amenipa ruhusa. Jumanne ni sikukuu ya Watakatifu Wote, kwa hiyo nimepata siku za kutosha.

Tumefunga mizigo. Viazi vitamu vilivyochemshwa, maharage, chumvi, sufuria, blanketi, maji. Hivyo ni vitu vya lazima. Halafu vile vingine.

Baba: mzinga. Ameusuka mwenyewe kwa fito, ameukandika kinyesi cha ng'ombe, ndani una harufu ya moshi na nta. Mrefu kama mtoto wa miaka saba. Atauweka kichwani.

Daforoza: mto wa kulalia. Mzima, umejaa pamba, foronya nyeupe. Nilicheka. Nikamwambia utalowa, utachafuka, chukua blanketi la pili badala yake. Akanijibu bila kuinua macho. Alipokuwa kwenye mafunjo aliweka kichwa juu ya tope. Alijiapiza kwamba akitoka hai hatalaza kichwa chake tena popote bila mto. Sikucheka tena.

Mimi: viatu vyangu vyeusi vya kisigino. Nimevificha chini ya kanga. Nitavivaa tukifika. Nimekua nikiitwa mkimbizi. Sitaki watu wa kilima cha baba yangu wanione hivyo siku ya kwanza. Wamwone mtu wa ofisini.

Jumamosi, 29 Oktoba

Leo tunalala kwa Wakristo wema, chumba nyuma ya duka. Naandika kabla giza halijaingia.

Tuliteremka hadi Nyabugogo, tukapanda kilima cha Gatsata. Daforoza alitembea katikati ya lami. Gari likija anasogea pembeni, likipita anarudi katikati. Alifanya hivyo hadi juu kabisa. Uso wake umelowa jasho, au machozi. Sijui.

Baada ya Gatsata kuna kizuizi. Kamba tu, na askari watatu. Daforoza alipokiona alisimama. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi kama bomba la maji. Nilimwambia hawa siyo wale wa Aprili. Akasema anajua. Hakusogea.

Wakati huo Baba alikuwa ameshafika mbele. Askari mmoja, kijana ambaye kwa Kiswahili chake alionekana amekulia Uganda, alinyoosha kidole kichwani kwa Baba.

"Mzee, hiyo iko nini?"

"Mzinga," Baba alisema.

Wote watatu walishika bunduki.

Mungu wangu. Nilikimbia nikipiga kelele: wa nyuki! Mzinga wa nyuki! Baba naye hakuelewa amekosea nini, alisimama na mzinga wake kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Wakamwamuru autue. Kijana akachungulia ndani, akaingiza mkono, akaunusa mkono. Halafu akaanza kucheka hadi akakaa chini. Anasema miaka minne ya vita hajapata kuona mzee anapita kizuizini na mzinga kichwani.

Niligeuka nikamwona Daforoza anakuja mwenyewe, polepole, mto kifuani. Kijana aliacha kucheka. Alishusha kamba hadi chini kabisa ili asilazimike kuinama. Akapita wima.

Askari walituonya tusitoke njiani hata kwenda haja. Mashambani bado kuna mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa vita.

Jumapili, 30 Oktoba

Siku mbaya.

Mvua tangu asubuhi. Tumeacha lami, tunafuata njia ya udongo. Goti la Baba limevimba. Anatembea kwa upande, na mzinga umenywa maji, umekuwa mzito. Nilimwambia autupe mtaroni. Nilimwambia kwa sauti ambayo binti hatumii kwa baba yake. Nilisema unatuua kwa ajili ya fito na mavi ya ng'ombe. Aliendelea kuchechemea, na hilo liliniuma zaidi.

Saa sita hivi mvua ilikatika. Chini ya njia kulikuwa na mti wenye maua mekundu, na Baba, bila kusema, akashuka kuelekea huko. Alitaka kuona kama una nyuki. Alikuwa ameshapiga hatua kadhaa kwenye majani nilipogundua. Daforoza ndiye aliyepiga kelele:

"Muzehe! Simama hapo hapo! Usigeuke!"

Sauti ya mwalimu. Baba aliganda. Daforoza akamwambia atazame nyayo zake kwenye majani yaliyolowa, arudi kinyumenyume, aweke mguu palepale alipouweka. Alimwelekeza kila hatua. Kushoto. Kidogo tu. Hapo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti njiani naomba.

Alipofika juu alikaa chini, akautua mzinga mwenyewe. Akasema basi, tuuache hapa. Mwanangu amesema kweli.

Nilichokuwa nataka tangu juzi nilikipata, na nilijisikia mtu wa hovyo.

Daforoza alikunja kitambaa, akakiweka kichwani, akabeba mzinga. Mto wake akampa Baba. "Usiuangushe," alimwambia. Walitangulia hivyo. Mimi nyuma na sufuria. Niliona wivu. Ningepaswa kuwa mimi.

Jumatatu, 31 Oktoba

Tumefika. Nalala kwenye darasa la shule lisilo na mlango.

Kilima ni kizuri kuliko alivyokisimulia. Migomba, mikaratusi, ukungu bondeni. Baba alisimama akataja majina ya vijito. Hakulia. Niliogopa atalia.

Nyumbani kwao kuna nyumba nyingine sasa, ya udongo, bati jipya la msaada. Kabla hatujaingia uani nilivaa viatu vyangu. Visigino vilizama kwenye tope kila hatua. Mwanamke aliyekuwa anapepeta maharage aliniangalia miguuni, akaingia ndani haraka kumwita mumewe.

Mume anaitwa Ladisilasi, wa rika langu. Alitoka nje bila kofia, mikono imening'inia. Alifikiri mimi ni mtu wa serikali nimekuja kupima shamba. Baba alimweleza. Tawi moja tu, asali yote itakuwa yako, mimi sitaki hata kijiko.

Ladisilasi alisikiliza hadi mwisho. "Leo mzinga, muzehe," alisema. "Kesho kitanda."

Baba akasema hana kitanda.

Hakuna aliyecheka. Halafu Daforoza, ambaye alikuwa amesimama nyuma na mzinga kichwani, aliuliza swali. Kwa utulivu, kama anauliza bei.

"Aprili ulikuwa wapi?"

Mke alijitokeza mlangoni. Ladisilasi akasema alikuwa kambini, pembeni ya barabara, tangu vita vilipowafukuza hapa. Alizika watoto wawili huko, kwa kuhara. Risasi zilipofika kambini wakakimbia tena. Mvua ya Septemba ndiyo iliyowakuta wamerudi hapa.

"Hilo ndilo nililofanya," alisema. "Kuzika na kukimbia."

Daforoza hakusema kama ameamini. Alitua mzinga, akachukua mto wake kwa Baba, akatoka uani. Tukamfuata. Ladisilasi hakutuita.

Nimevua viatu. Laiti nisingevibeba. Ladisilasi alimwona mtu wa ofisini, kama nilivyotaka.

Jumanne, 1 Novemba

Asubuhi Ladisilasi alikuja shuleni na mzinga wetu begani. Jana tuliusahau uani kwake. Nilidhani anaurudisha tuondoke nao.

Alisema si uani. Uani hapana. Lakini mpakani, juu ya mtaro, kuna mkaratusi ambao si wa mtu. Uning'inie hapo. Na asali ni nusu kwa nusu. Baba akasema yote iwe yake. Ladisilasi akakasirika kweli.

"Watu waseme nakula jasho la mtu? Nusu."

"Nusu basi," Baba alisema.

Mimi na Baba tulikwenda naye, mimi peku. Ladisilasi alipanda mtini, Baba alielekeza kutoka chini, wakabishana kuhusu upande wa upepo. Mke wake alituletea uji wa mtama. Alinipa kikombe kwanza kabla ya Baba, akashtuka, akacheka, akaziba mdomo. Sijui jina lake. Nilipaswa kuuliza.

Daforoza hakuja mpakani. Alibaki darasani. Nilipomrudia alikuwa amefuta ubao kwa kiganja, ameketi kwenye benchi la mbele anautazama. Nilikaa naye. Alisema hajui kama mtu yule amesema kweli, na huenda hatajua kamwe. Kinachomchosha ni kwamba atalazimika kuishi hivyo na kila mtu. Kila muuza nyanya. Kila anayeketi karibu naye kanisani.

Nilimwomba msamaha kwa kuucheka mto. Akasema ameshasahau. Hakuwa amesahau.

Alhamisi, 3 Novemba

Jana tulirudi kwa lori la viazi. Leo kazini. Miguu yote malengelenge, ninachapa nikiwa nimeiweka kwenye beseni chini ya meza. Bosi ameuliza kaskazini kukoje. Nimesema kijani.

Baba amelala mchana kutwa.

Jumamosi, 12 Novemba

Uvimbe wa goti la Baba unapungua. Anauliza kila siku kama mvua imenyesha huko juu. Nitajuaje?

Daforoza amekwenda Ndera kuuliza kazi. Kuna shule inafunguliwa, watoto wengi hawana mwalimu. Alikwenda kwa miguu, akarudi kwa miguu. Hajapata jibu.

Nimeanza kumkanda Baba goti jioni kwa maji ya moto. Tunaongea zaidi ya zamani. Si mambo makubwa.

Jumapili, 27 Novemba

Tulitoka misa, tukamkuta Ladisilasi ameketi kwenye ngazi yetu na gunia la viazi. Alikuja sokoni kwa lori, akaulizia nyumba ya mzee wa mzinga hadi akaelekezwa. Alikuwa amevaa koti, amefunga vifungo vyote hadi shingoni.

Baba alimshika mikono yote miwili. Mimi nilimtazama Daforoza. Alipita pembeni yake, akaingia ndani. Nikasema moyoni, ndiyo hivyo, hatoki huko leo.

Tuliketi sebuleni. Ladisilasi alisema nyuki bado. Alipita pale asubuhi ya jana, mtupu. Chungu wachache tu. Baba alisema watakuja wakitaka. Wakaongea habari za viazi, za barabara, za mke wake ambaye ana mimba. Anaitwa Perepetwa. Hatimaye nimeuliza.

Daforoza alitoka jikoni na chai. Alimmiminia Baba, akammiminia mgeni, akanimiminia mimi. Nilisogea ili apite kurudi jikoni.

Hakurudi. Alivuta kiti, akakiweka karibu na mlango ulio wazi, akaketi. Hakunywa. Ladisilasi aliongea akitazama kikombe chake. Lakini Daforoza alikaa, hadi mgeni akamaliza chai, akasimama, akaaga.

Jioni mvua imenyesha. Nilianua nguo kabla hazijalowa.