Tundu la Hewa Juu ya Kitanda cha Mama

Nyandira, Mgeta
Mwezi wa Nane

Dada yangu Mwanvita,

Shikamoo dada. Natumai barua hii inakukuta mzima wewe, shemeji Hashimu na watoto, na kwamba joto la Kisaki limewahurumia kidogo msimu huu. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu ni ya kuvaa sweta mbili. Mwambie Twalibu mama yake mdogo anamkumbuka.

Uliponiuliza kwenye simu habari za mama nilikujibu kwa kifupi kwamba anaendelea vizuri. Ni kweli, lakini yapo mambo ambayo hayasemeki mtandao ukikatika kila mara, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Unakumbuka jinsi alivyofika kwangu. Daktari wa mjini alisema kifua chake kimechoshwa na moshi, asirudi kulala peke yake katika ile nyumba ya Kinole. Barabara ya kuja kwako ilikuwa imekatika kwa masika, basi akakubali kuja kwangu kwa masharti: akae mpaka barabara itengenezwe, apike kwa sufuria zake, na asilazimishwe kuzungumza na Erick. Tangu niolewe na Mkristo mama hakuwahi kukanyaga kwetu. Wewe pia hukukanyaga, nami sikukulaumu.

Kwa kuwa hujaiona nyumba yetu, nikueleze kidogo. Ilijengwa na watafiti wa mimea ambao walisharudi kwao. Kuta na madirisha yamezibwa sawasawa baridi isipenye, na hewa inaletwa na mashine iliyoko darini. Inavuta hewa nzito ya jikoni na bafuni na kuitoa nje, na papo hapo inaingiza hewa safi vyumbani kwa mabomba. Hewa hizo mbili hupishana ndani ya kisanduku chenye vibati vyembamba. Hazichanganyiki, ila ile inayotoka huiachia joto lake ile inayoingia. Erick, kwa kuwa ni fundi wa majokofu, ndiye aliyekuwa akiwatunzia watafiti mashine hiyo, na walipoondoka tukaichukua nyumba.

Mama hakuipenda. Alisema hajapata kuona nyumba inayopumuliwa na umeme. Chumba tulichompa kinapakana na chetu. Erick alikuwa akimwamkia kila siku, na mama ananigeukia mimi na kusema, mwambie marahaba.

Mwezi uliopita, asubuhi moja ya ukungu, nilikwenda bandani kukamua mbuzi. Mama akatia makaa ya moto kwenye jiko dogo, akaliingiza chumbani na kufunga mlango apate joto. Nilipompelekea uji nikabisha hodi, hakuitika. Nilimkuta ameegemea ukuta, macho nusu wazi, hanitambui. Nilimwita Erick. Alifungua dirisha, akambeba mgongoni mama ambaye hakuwahi hata kumpa mkono, akamtoa uani. Jirani yetu Yeremia alishusha mboga kwenye gari lake, tukampakia hadi kituo cha afya. Waliniambia mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa isiyo na harufu, na hewa hiyo huua. Wakamwekea oksijeni, wakamlaza.

Niliporudi nyumbani kuchukua nguo zake nilimkuta Erick ameifumua mashine. Alikuwa hajala. Aliniambia kosa ni lake, kwamba alichelewa kuisafisha na huenda filta za kuchuja vumbi zimeziba, chumba kikakosa hewa. Nilimjibu kwamba mashine ile haikutengenezwa kushindana na jiko la mkaa, lakini ni kama hakunisikia. Alikuwa ameshazima umeme. Filta zilikuwa za kijivu kwa vumbi na wadudu wadogo. Nyingine akazikung'uta, zilizochakaa akaweka mpya. Kisanduku cha vibati alikiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, akakiegemeza kivulini kikauke. Alipangusa feni kwa brashi laini, akazibua mpira wa kutolea maji ya unyevu unaojikusanya humo, akapanda ngazi kutoa majani yaliyonasa kwenye wavu wa nje. Alipowasha tena akapita chumba hadi chumba, akiinua kiganja kwenye kila tundu la hewa. Kwa mama hapakutoka kitu. Akafungua kifuniko kilicho juu ya kitanda, akakuta kipande cha kanga kimeshindiliwa ndani.

Nilikasirika, dada. Nilitaka nikamuulize mama hukohuko kitandani. Erick akanisihi ninyamaze, akasema mgonjwa hashitakiwi. Alikifua kile kipande, akakianika, akakikunja na kukiweka juu ya mto wa mama.

Mama aliporudi alikiona. Alikaa nacho mapajani, kisha akaniambia nifunge mlango. Akaniambia kwamba bomba la vyumba vyetu viwili ni moja, na kila alfajiri, mimi nikiwa bandani, alikuwa akisikia sauti ya Erick anaomba. Alikuwa akimtaja mama kwa jina, Mwanahawa, akimwombea kifua. Nilimuuliza kama hilo ndilo lililomkera.

"Halikunikera," akasema. "Mimi natandika mswala nina hasira naye, halafu namsikia ananitaja kwa Mungu kabla sijajitaja mwenyewe. Nikaona heri nisimsikie."

Mimi mwenyewe, mkewe, sikuwa najua kwamba anamwombea.

Siku hizi mama huitikia marahaba kwa mdomo wake. Juzi Erick alipokuwa akikung'uta filta, mama alitoa kigoda akakaa karibu yake, akamuuliza kama hewa chafu haitaichafua ile safi. Erick akamweleza habari za vibati. Mama akaomba brashi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Najua umeshapaka chokaa chumba cha mama, na nasikia barabara inapitika. Dada, mama haji Kisaki. Ameamua kukaa hapa, na sikumshawishi, ingawa siwezi kukuficha kwamba nimefurahi. Amenituma nikuandikie maneno haya, nayaweka kama alivyoyatamka: "Mwambie Mwanvita mimi nimeingia. Kama alikuwa anakaa nje kwa ajili yangu, sasa anakaa nje kwa ajili ya nani?"

Mimi sina la kuongeza. Magari ya kuja huku huondoka mjini asubuhi, na ukishuka ulizia kwa Erick wa majokofu, utaletwa mpaka mlangoni.

Erick anakusalimu sana wewe na shemeji. Mwanangu Faraja anauliza mama yake mkubwa anafanana na nani kati yangu na bibi, nami nimemwambia asubiri aone mwenyewe. Mungu awatunze nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Shakila