Kurudi Nyuma, Kichwa Dirishani

Jumapili, Alief

Na kuomba samahani, siombi. Wairimu, binti yangu, amechukua ufunguo wa gari kwa sababu leo niki-reverse pale kanisani niligonga nguzo ya taa, bampa ikaingia ndani.

"Baba, gari lina kamera ya nyuma. Mbona unatoa kichwa dirishani?"

Nikamwambia ndivyo nilivyoendesha injini yangu ya mvuke. Waingereza waliiunda kwa treni fupi za vitongoji vyao: matangi ya maji ubavuni, makaa mgongoni kwa dereva, hakuna behewa la makaa nyuma. Kwa hiyo haikuhitaji kugeuzwa. Ilirudi kinyumenyume mbio zile zile, wewe kichwa nje. Kwetu ilipanga mabehewa kwenye yadi ya stesheni mpaka injini za dizeli zikaifukuza. Kurudi nyuma hakuna aliyeniweza, wala sikugonga kitu.

"Sawa Baba, lakini ile ilikuwa na reli." Akatia ufunguo mfukoni.

 Hapa Alief, ughaibuni, bila gari hufiki hata dukani. Mimi niliyevuta mabehewa, sasa niombe kupelekwa.

Nimechoka. Nguzo ilikuwa upande ule ule niliotolea kichwa. Niliangalia pale pale, sikuiona. Hilo sijamwambia.